Vikombe Vitatu vya Mchele

Ganda la chumvi lilivunjika bila kishindo. Upepo wa vumbi uliowasumbua tangu asubuhi ulikuwa umeanza kutulia, gari linakwenda vizuri, na Fundi alikuwa ameshafungua mdomo kusema kwamba barabara wameipata, mara pua ya gari ikainama. Magurudumu ya mbele yalizama kwenye tope jeupe hadi juu ya ringi, na vyombo vyote vya jikoni vikamwagika sakafuni nyuma yao. Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Alichokidhania barabara kilikuwa mkondo mkavu wa mvua za mwaka gani sijui, na pande zote, mpaka jicho linapokoma, palikuwa na uwanda wa chumvi na jua lake.

"Umeumia?" alimuuliza mkewe.

"Sijaumia. Wewe?"

"Mimi mzima."

Walishuka, kila mmoja kwa mlango wake. Simu haikushika mtandao, wala haikuwa imeshika tangu jana yake. Ekseli ya mbele ilikuwa imepinda, hata asiye fundi wa magari angeona. Na Fundi hakuwa fundi wa magari. Alikuwa fundi makochi, miaka thelathini na moja ya sponji, vitambaa na misumari midogo mdomoni, na ujuzi wote huo haukumfaa kitu mbele ya gurudumu lililozama.

Gari lenyewe lilikuwa gari la wagonjwa lililostaafu. Aliyelinunua ni binti yao wa pekee, waliyemwita Chiriku kwa sababu tangu aanze kusema hakuwahi kufunga mdomo. Alikua akawa nesi wa watoto, na wodi nzima ikajua habari za kila jirani yao. Alitaka kuligeuza gari liwe nyumba ya kutembea, akachora njia kwenye daftari: kuvuka uwanda wa chumvi mpaka baharini upande wa pili. Miezi minane iliyopita alishikwa na homa Jumatatu, Ijumaa wakamzika. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Safari hii ilikuwa yake, na wazazi walikuja kumsafiria tu.

Kwa miaka hiyo yote ishirini na sita walikuwa wakiitana Mama Chiriku na Baba Chiriku. Tangu mazishi hawakuitana chochote. Ukimtaka mwenzako unakohoa kidogo, au unasema "sikiliza," na mwenzako anageuka.

Fundi alitoa dumu la maji chini ya kiti, akalinyanyua kuelekea jua ili aone kimo. Lita kumi na mbili, zikizidi sana kumi na tatu. Alilirudisha polepole, akamwangalia mkewe aliyekuwa akiokota sufuria sakafuni, na moyoni akajua kosa ni la nani.

Maana Chiriku na mama yake waligombana mwaka mzima juu ya jambo moja: humo garini watu watapikaje. Mama alikuwa mpishi wa hospitali, mtu wa sufuria ambazo mtoto angeweza kuogea ndani yake, na kwake chakula kisichopita motoni hakikuwa chakula. Alitaka jiko la gesi la mafiga mawili, sufuria ya presha, gunia la mchele. Chiriku hakutaka moto kabisa.

"Mama, gari si jiko la hospitali," alikuwa akisema. "Naloweka choroko kwenye chupa ya kioo, naiweka dirishani ipigwe jua, kesho zimechipua. Nakula na kitunguu na limau, nimemaliza."

"Utakula kama mbuzi?"

"Umewahi kumwona mbuzi amelazwa wodini kwenu?"

Kwenye daftari, chini ya dirisha la pembeni, Chiriku alikuwa amechora pipa la maji la lita hamsini. Baada ya mazishi mama yake alisimama mbele ya mchoro huo, akaweka kidole juu ya pipa, akasema jiko lake likae hapo. Alikuwa ameshinda ugomvi kwa sababu mpinzani wake yuko kaburini. Fundi alijua pipa lile ni la lazima. Lakini angeanzia wapi kumnyima mwanamke yule kitu, wakati ule, na uso ule? Alilifunga jiko mahali pa pipa, akalichongea na kabati zuri, na maji wakayabeba kwenye dumu moja la lita ishirini.

Adhuhuri hiyo mkewe alifungua milango yote, akawasha jiko. Fundi alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gari akitazama. Mkewe alichota kikombe cha kwanza cha mchele, akachota cha pili, kisha cha tatu. Akauosha mara tatu kama walivyomzoeza hospitalini, mpaka maji yakatoka safi, na kila mara alimwaga maji yale nje, na chumvi ikayanywa.

Kikombe cha tatu Fundi alikijua. Nyumbani, tangu mazishi, mkewe alipika cha watu watatu, akapakua sahani tatu, na ile ya tatu akaifunika kwa sahani nyingine na kuiacha mezani. Kila asubuhi, kabla ya kwenda karakanani, Fundi aliula ule wali wa baridi akiwa amesimama, akaiosha sahani, akairudisha kabatini. Asingevumilia kumwona mama akimwaga chakula cha mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Kwa miezi minane alikula kwa niaba ya marehemu, mpaka mkanda wake ukafika tundu la mwisho. Hawakulizungumza hata mara moja. Na sasa, huku jangwani, aliiona sahani ya tatu ikifunikwa na kuwekwa juu ya kabati, akajifanya hakuiona.

Siku ya pili alichimba. Alichimba kwa koleo, kwa sufuria, kwa mikono, na kila shimo alilolitoa lilijaa tope jingine. Saa nne jeki iliteleza ikamchana kiganja toka kidole cha shahada hadi kwenye kifundo. Mkewe alikuja na kitambaa chake cha kichwa.

"Osha kwanza," Fundi alisema.

"Kwa maji yapi? Tutafunga hivi hivi. Kaza meno." Alifunga kwa nguvu, akapiga fundo. "Vile vilima ni upande gani?"

"Magharibi."

"Mbali?"

"Siku moja kwa miguu. Labda mbili. Chumvi inadanganya macho."

"Basi tunakaa na gari. Mtu akipita mbali ataliona gari. Mimi na wewe hatatuona."

"Umekunywa maji?"

"Nimekunywa."

Midomo yake ilikuwa imepasuka, na alipozungumza ulimi ulisikika ukinata. Fundi alimwona anadanganya, akaacha. Adhuhuri jiko likawashwa tena. Mchele ukapimwa, kikombe, kikombe, na kikombe. Neno lilimfika Fundi kooni: pima viwili. Lilikaa hapo. Akaona kwamba akilitamka, ndiye atakayekuwa amemwondoa binti yake mezani, na hakuna mtu mwingine wa kumlaumu. Akalimeza, akala, akarudi kuchimba.

Asubuhi ya siku ya tatu aliamka kabla ya mkewe. Sahani ilikuwa juu ya kabati tangu mchana uliotangulia, ndani ya gari ambalo bati lake huwezi kuligusa kwa joto. Alipoifunua, wali ulikuwa unanata na una harufu ya uchachu. Tonge la kwanza lilimwambia kila kitu. Lakini mtu aliyefanya jambo kila asubuhi kwa miezi minane mkono wake haumsikilizi, na tena aliona ni dhambi kumwaga wali uliokula maji yao. Aliumaliza wote, akaipangusa sahani kwa kitambaa, akaiweka kabatini.

Jua halijapanda sana, alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari akitapika. Alitapika mpaka hakukuwa na cha kutapika, kisha tumbo likaanza. Alipojaribu kusimama, uwanda wote ulizunguka.

Mkewe alimshika mabega. "Umekula nini?"

"Wali."

"Wali gani? Jana tulikula wote, mbona mimi mzima?"

"Ule wa kwenye sahani. Wa Chiriku."

Lilikuwa halijatajwa jina hilo tangu waondoke nyumbani. Mkewe aliketi chini palepale kwenye chumvi.

"Wa Chiriku?" alisema.

"Ule unaompikia. Hata nyumbani nilikuwa naula mimi. Sikutaka uje uumwage."

"Mimi nilikuwa nakupikia wewe."

Fundi alimtazama.

"Wiki ya kwanza nilisahau," mkewe alisema. "Mkono ulijipimia wenyewe. Nikasema kesho napima viwili. Kulipokucha nakuta sahani ni tupu, imeliwa, imeoshwa. Nikasema kumbe mume wangu ana njaa ya kuonea aibu. Watu hawalii namna moja, labda wewe unalia kwa tumbo. Nikaona nisikuumbue. Nikaendelea kupika."

"Sikuwa na njaa hata siku moja."

"Na mimi kila nikichota kile cha tatu roho inanichanika. Lakini nikawa nasema, acha ale, angalau mmoja wetu anakula."

Wangekuwa nyumbani pengine wangecheka, maana ni jambo la kuchekesha: watu wazima wawili, miezi minane, kila mmoja akimbebea mwenzake sahani ambayo hakuna aliyeitaka. Fundi aliinama akatapika tena, nyongo tupu. Uchungu aliousikia haukuwa wa tumbo peke yake. Aliziona siku zote zile walizolala kitanda kimoja, kila mtu amegeukia ukuta wake, na neno moja tu lingetosha.

"Ndiyo maana hukuwa unakunywa, ili maji yatoshe wali," alisema alipopata pumzi.

"Ulikuwa unachimba. Nilitaka upate sahani mbili."

Mkewe aliinuka. Alikwenda kwenye dumu, akalitikisa, akasimama nalo kidogo. Lita nne. Mtu anayetapika na kuhara kwenye jua lile alihitaji hizo zote peke yake, na zisingefika kesho kutwa. Miaka yake ya hospitali ilikuwa ya jikoni, lakini jiko la hospitali linajua mambo yake. Alikoroga sukari na chembe ya chumvi kwenye maji, akamlaza Fundi kwenye kivuli, akaanza kumnywesha kwa kijiko.

"Kidogo kidogo. Ukigugumia utatapika."

"Kunywa na wewe."

"Nakunywa. Tazama." Akanywa mbele yake, kijiko kimoja, ili amwone.

Alikaa akifikiri, macho yake yakiwa kwenye shimo alilochimba Fundi. Chini ya shimo palikuwa pamejaa maji, mazito, machungu kwa chumvi.

"Mvuke hauna chumvi," alisema. "Supu iwe na chumvi namna gani, ukilamba maji ya kwenye mfuniko ni maji tu. Nimefuta mifuniko miaka ishirini na sita. Nikiyachemsha haya kwenye sufuria ya presha, mvuke ukatokea juu kwenye tundu lake, nitaukamatia wapi?"

Fundi alifumba macho, akalitembelea gari lote kichwani, ubao kwa ubao. "Kuna bomba la oksijeni," alisema. "La shaba, jembamba. Hawakuling'oa walipouza gari. Liko nyuma ya ubao wa kushoto, juu ya godoro."

Alimsikia akiingia ndani na kisu.

"Usichane kitambaa," aliita kwa sauti iliyokatika. "Misumari iko pembeni, anza na ya chini."

"Nachana."

Na alikichana. Kilikuwa kitambaa cha bluu alichokichagua Chiriku mwenyewe, Fundi alikishona wakati binti yake yuko hai amekaa juu ya boneti akimsimulia visa vya wodini. Alisikia kikiachia kuanzia juu mpaka chini. Machozi yalimtoka, akashangaa kwamba mwili bado una maji ya kuchezea.

Mkewe aliling'oa bomba, akalichomeka kwenye tundu la sufuria na kulibana kwa kitambaa na unga uliokandwa, akalipitisha nje ya dirisha, akalizungushia matambara yaliyolowekwa tope. Kisha akasimama mbele ya jiko lake, mkono juu ya mtungi wa gesi.

"Itatosha?" aliuliza.

"Tusipopika chakula, itatosha siku mbili, labda tatu. Tukipika, moja."

"Na tutakula nini?"

Jibu walilijua wote wawili, na haikuwa kazi ya Fundi kulitaja. Mkewe akachukua chupa ya kioo ya jamu, akatia choroko zilizokuwa kabatini mpaka nusu, akamimina maji ya vidole viwili, akaifunika kwa kipande cha chandarua, akaiweka juu ya dashibodi palipopigwa na jua.

"Haya," alisema kuiambia chupa. "Umeshinda. Tutakula kama mbuzi."

Kisha akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mikono katikati ya magoti, akalia. Hakulia hivyo mazishini, palipokuwa na watu wa kumwangalia. Alilia kwa sauti nzito mpaka mabega yakatikisika, na Fundi, ambaye hakuweza kuinuka, alijivuta kwa viwiko hatua zile tatu za chumvi, akaweka kichwa chake juu ya miguu ya mkewe.

Bomba lilitoa tone moja, likasita, likatoa jingine. Kikombe kimoja kilichukua karibu saa nzima. Yalikuwa maji ya moto yenye ladha ya chuma, na hawakuwahi kunywa kitu kama hicho. Kutwa mkewe alijaza sufuria kwa maji ya shimoni, akakwangua chumvi iliyobaki, akabadilisha matambara, akajaza tena. Choroko zilipochipua alimtafunia Fundi kwanza, akamlisha kwa vidole.

Siku ya nne Fundi aliwaka homa. Kidonda cha kiganja kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu mpaka kwenye mshipa wa mkono, na jua lilimwingia kichwani. Alimwona Chiriku amekaa juu ya boneti anaongea, anaongea, na alitaka sana kusikia kisa kile kinaishaje. Alimwona anasogea mbali kidogo, halafu mbali zaidi, na yeye akawa anamfuata bila taabu yoyote, miguu haigusi chini.

"Baba Chiriku."

Alisita.

"Baba Chiriku, usiende huko. Fungua mdomo. Meza."

Hakuna aliyemwita hivyo tangu mazishi, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyekuwa na haki ya kumwita hivyo. Alitazama mbele, akatazama nyuma. Kumwacha binti yake katikati ya maneno ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya maishani. Alifungua mdomo. Kijiko kikaingia, kikafuatiwa na kingine.

Asubuhi ya siku ya tano gesi iliisha. Moto wa bluu ulipungua, ukatetemeka, ukapotea, na walibakiwa na vikombe vitano vya maji. Mkewe alivihesabu, akavifunika, akaenda nyuma kufungua tairi la akiba. Aliliviringisha hatua hamsini kutoka kwenye gari, akalimiminia mafuta ya kupikia na petroli aliyoivuta kwa mdomo, akarudi kuangalia kitu gani kingine kitoe moshi mweusi.

"Sponji," Fundi alisema. "Godoro."

Mkewe hakusogea. Lilikuwa godoro la Chiriku, alilopimiwa urefu akiwa amelala sakafuni karakanani, akicheka.

"Lichukue," Fundi alisema. "Nimelitengeneza mimi. Najua linavyowaka."

Moshi ulipanda mweusi na mnene, ukasimama wima hewani kwa sababu upepo haukuwepo. Walikaa bega kwa bega kwenye kivuli, wakatazama. Waligawana kikombe kimoja, na kila mmoja alihakikisha mwenzake amemeza.

Lori lilitokea upande wa vilima alasiri, likija polepole na kwa kujipindapinda, kama linaloijua chumvi ngumu na chumvi laini. Lilikuwa lori la wachimba chumvi, na wenyewe wamekaa nyuma. Dereva, mtu mrefu aliyejifunga shuka usoni, alilisimamisha mbali kidogo asije akazama, akaja mbio na chupa ya maji.

"Poleni. Taratibu, mama, taratibu. Tumeuona moshi tangu asubuhi, tumezunguka sana." Alimshika Fundi mkono, akaona kiganja, akakunja uso. "Mko wangapi?"

Fundi aligeukia gari.

"Wawili," mkewe alisema.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu swali dirishani ofisini. Fundi alimtazama, na mkewe hakumtazama, alikuwa amekaza macho kwenye chumvi.

Dereva aliitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka. Alikuwa ameshawaokoa watu wengine kwenye uwanda ule, na alijua kwamba jua likimpiga mtu hahesabu vizuri. Aliwapita, akaenda nyuma ya gari, akapanda ngazi. Walimsikia akitembea ndani juu ya vyombo, akifungua kabati, akisogeza matambara. Fundi alijikuta ameshika pumzi. Alijua hakuna kitu, alijua tangu Ijumaa ile, lakini alikuwa anasubiri kusikia dereva atasema nini, na kwa muda wote mtu yule alipokuwa ndani, alisubiri kwa moyo wake wote.

Dereva akatoka, akaufunga mlango.

"Hamna mtu mle," alisema.

"Ndiyo," Fundi alisema. Akalia mbele ya mgeni bila kujificha uso. Dereva aligeukia lori lake akajifanya anakagua matairi.

Mkewe alimwacha alie. Kisha akapitisha mkono chini ya kwapa lake, akamwinua.

"Twende, Baba Chiriku," alisema. "Wanatusubiri sisi tu."